Msitu wa Opolot Ukingoni mwa Mto Malaba

Opolot alipoanza kupanda miti kando ya Mto Malaba, majirani walimcheka wazi wazi. Marehemu baba yake alikuwa amelima pamba hadi ukingoni, mafuriko yakabeba udongo wote, na chemchemi ambapo ukoo wao ulikuwa ukichinja kondoo mweusi kuomba mvua ikakauka kabisa. Mtu mwingine angehama. Yeye alipanda mikuyu na mivule, akawazuia kondoo wake wasikanyage humo, na mkewe Benedetta akabeba samadi ya zizini kwa karai, jioni baada ya jioni. Miaka saba! Mwaka wa 1972 maji yakachuruzika tena, na waliocheka wakawa wa kwanza kuja na mitungi.

Ila msitu ulipokuwa mnene haukuwafaa wao peke yao. Mwaka wa 1976 redio ya ng'ambo ya mto ilitangaza kwamba ardhi hii yote ya upande wa Kenya ni ya Uganda, na tangu hapo watu hawakupata usingizi. Wezi wa mifugo walivuka mto na kujificha kwenye miti ya Opolot. Fahali wa jirani yake, Echodu, alipitishwa humo mchana kweupe.

"Mzee, hii miti yako inatumaliza," Echodu alimwambia mbele ya wanaume wa kijiji. "Kata wewe, ama tukate sisi."

"Na mvua mtaombea wapi?"

"Kwanza tuwe hai."

Benedetta alimsihi asikubali. Opolot alikuwa na kichwa kigumu, lakini kutengwa na majirani kulimtisha kuliko wezi. Akakubali, na lilikuwa kosa.

Walikata kwa siku tatu. Mkuyu wa kwanza aliukata mwenyewe, akilia bila kujificha. Kondoo wake arobaini waliingia kula majani ya matawi yaliyoanguka, yule mweusi wa mvua akiwa mbele, na hakuna aliyewafukuza.

Siku ya tatu adhuhuri mvule wa mwisho ulianguka. Mapanga yakanyamaza. Ng'ambo ya pili, ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyeiona kutoka hapo, kulikuwa na mahema sita, lori moja, na askari wa Uganda waliokuwa wakifua nguo. Walihamia lini, nani ajuaye. Askari nao waliinuka mmoja mmoja, wakashangaa. Waliwatazama kondoo. Kisha wakaitazama njia inayopanda hadi nyumbani kwa Opolot, ambako Benedetta alikuwa amesimama mlangoni.

Opolot aliutazama mto. Kiangazi kile maji yalifika magotini tu.

Askari mmoja alichukua bunduki, akashuka hadi mtoni, akapaza sauti huku akicheka.

"Mzee! Hiyo kondoo yote ni ya nani?"

Opolot aligeuka kumtafuta Echodu. Echodu na wenzake walikuwa wameshaanza kukimbia.