Kasha la Mninga

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo, bibi yangu wa Ujiji alimwita seremala mmoja miongoni mwao aje kutengeneza bawaba ya kasha lake la nakshi. Mzee huyo alikuwa amekimbia na patasi tatu tu. Bibi akamwambia kwa fahari, "Hili lilitoka pwani."

Seremala alilipindua kasha, akapapasa alama za tezo chini yake, kisha akaitazama misumari.

"Imefuliwa kwa mkono, mama, hakuna miwili inayofanana. Hili ni la zamani sana, kabla misumari ya kiwandani haijafika huku." Akakwangua ubao kidogo kwa ndani, akanusa. "Lakini huu ni mninga wa huku bara. Maua ya nakshi ni ya mtindo wa pwani, ila kasha limechongwa hapa."

Nilidhani bibi angekasirika. Akauliza taratibu, "Hapa hapa Ujiji?"

"Naamini hivyo. Na fundi huyo alikuwa ananizidi."

Sijapata kumwona mtu mwingine akisoma mbao namna ile. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyekuja bibi alimwinamisha aione misumari.