Gari Lililogoma Njia ya Mitundu

Mama alitaka kuzikwa Mwankoko, kando ya mama yake. Alituambia mimi na kaka yangu, akili zake zikiwa timamu. Lakini baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, alifika msibani nyumbani kwetu Utemini akasema mke huzikwa kwa mumewe, Mitundu, na wanaume wote wakaitikia. Mimi nikaambiwa mwanamke hapangi makaburi. Haya!

Kaka aliendesha gari lake, lile lenye springi za upepo zinazopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, likivuta tela lenye jeneza. Tulipoiacha Itigi nyuma, gari likakaa chini kwa nyuma, pua ikatazama juu, taa ya onyo ikawaka. Kaka alibonyeza kitufe, wapi! Akazima, akawasha. Kompresa ya kujaza upepo ilinguruma, gari likabaki vilevile.

"Marehemu amegoma," baba mkubwa alisema, sauti imemshuka. "Binti, ongea naye. Mwombe aturuhusu."

Kwetu ndivyo inavyofanyika. Nikasogea kwenye tela, nikaweka kiganja juu ya jeneza, nikasema kwa Kinyaturu, lugha ya kwao mama, ambacho baba mkubwa hakijui: "Mama, kama hutaki, usiondoke hapa."

Niliogopa, na nilifurahi pia, maana nilikuwa na hakika ananisikia.

Kaka alikuwa ameshaingia uvunguni mwa gari na maji ya sabuni. Akayamwaga kwenye bomba la upepo, mapovu yakafumuka pale linapoungana na springi. "Hapa ndipo panapovuja," alisema. "Bila tela lilikuwa linavumilia." Akakata ncha iliyochakaa, akalichomeka bomba upya, akaenda kubonyeza kitufe.

Nilimwomba Mungu lisinyanyuke. Likanyanyuka, polepole, likiguna.

"Mnaona?" baba mkubwa alisema. "Amekubali."

"Bomba ndilo lililokubali, siyo mama!" nilimfokea. Wote walikuwa tayari wanapanda garini.

Tulimzika Mitundu jioni ileile. Watu husema msiba hupoa, lakini wangu haujapoa. Miaka yote wakwe na mashemeji zake walipomwita, hata akiwa na homa, mama alijishika kiuno, akaguna, akanyanyuka polepole kwenda kuwapikia. Siku ile nilimwambia asiondoke. Wakamwita, akanyanyuka.