Sentensi ya Mama

Juzi pale Kavumu, nikingoja lori la kwenda Kalehe, niliona kibao cha muuza vinywaji kimeandikwa kwa Kiingereza: very very cold. Nilicheka, kisha hasira ya zamani ikanirudia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza hakutaka kabisa kuliona neno very. Katika insha yangu juu ya nyumbani niliandika kwamba mama alikuwa very tired. Akalikata kwa biki nyekundu, akaandika juu yake exhausted.

“Wewe citoyen, neno moja la nguvu linatosha. Kesho leta insha safi.”

Nilidhani amenipa zawadi ya kumpelekea mama. Nilimkuta uani akitua mzigo wa mihogo aliotoka nao Bagira, ananuka jasho na udongo mbichi, alama ya kamba ya kubebea mzigo ingali kwenye paji lake la uso.

“Maman, mwalimu hataki tuandike neno sana. Anasema weye uko exhausted.”

“Ananitukana?”

“Hapana! Ni kusema umechoka... umechoka sana.”

“Ee! Sana imerudia!” Akacheka hadi akakaa chini, akaanza kukanda magoti.

Mimi nilikaribia kulia. Nilitafuta neno la alama ile na magoti yale mpaka giza likaingia, nikalikosa, nikafuta sentensi nzima.

Tangu hapo nimeokota maneno mengi njiani, na hilo bado sijalipata. Insha ile ilibandikwa ukutani darasani. Ndani yake mlikuwa na ziwa, mvua na mparachichi wetu. Mama hakuwemo.