Turubai la Léonie Vauquelin

Kwa miaka thelathini na mitano Léonie Vauquelin alitengeneza jibini iliyouzwa hadi mjini Rouen, jina la babamkwe wake likiwa juu ya kila kifuniko. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliona, na hadi leo sijasamehe. Yeye alicheka tu. Kisha akastaafu, akanunua rangi za mafuta, na baada ya miezi minane ya masomo akatangaza kwamba atashiriki siku ya wachoraji kijijini kwetu. Asubuhi ofisi ya meya hupiga muhuri nyuma ya turubai tupu la kuchorea, moja kwa kila mtu. Kabla ya saa kumi alasiri picha iwe imerudi, rangi ikiwa bado mbichi, itundikwe uwanjani kwa jina la mchoraji. Jina hilo ndilo alilolitaka.

"Shemeji," alisema Firmin, ndugu wa mumewe, aliyekuwa mpokeaji wa picha, "si ulete keki ya tufaha tu? Hiyo tunajua unaiweza."

"Kapike mwenyewe, Firmin. Jiko unalijua, au nikuchoree ramani?"

Saa mbili asubuhi alikuwa ukingoni mwa mto Seine, akiielekea miti mirefu ya mipopla. Mwalimu wake, Bi Huguette, alimfunza machache: nyeusi ni marufuku; finya macho mpaka majani yapotee ibaki rangi; na saa moja ikipita mwanga huwa umehama, weka brashi chini. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Jua lilisogea, naye akasogea nalo. Kivuli kikawa zambarau, akakipaka, kikahama, akakifuata. Alipiga mluzi, akajipaka rangi puani, ng'ombe wakaja kutazama.

Adhuhuri Bi Huguette alipita na baiskeli, akashuka ghafla.

"Léonie wee! Mti huu una vivuli viwili!"

"Kimoja cha asubuhi."

"Na hiki?"

"Cha sasa hivi."

"Kwani una majua mangapi, mwenzangu?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Léonie akakumbuka kwamba turubai lenye muhuri ni moja tu, na kicheko kikakatika.

Akachukua kisu cha rangi, akaikwangua asubuhi yake yote. Lilibaki doa la waridi na samawati. Saa nane wingu likapanda nyuma ya mipopla, mto ukageuka rangi ya fedha. Muda wa kuogopa haukuwapo: brashi pana, rangi nzito, mti kwa mapigo matatu. Tone la kwanza la mvua lilipomgonga aliacha papo hapo, akakimbia, turubai bichi juu ya kichwa kama sinia la harusi.

Firmin alilipokea dakika tano kabla ya saa kumi, akalikaribia hadi pua iguse.

"Hii picha au spinachi? Na nyasi ya kweli imenasa!"

"Rudi nyuma."

Akarudi hatua mbili.

"Bado."

Tano. Nane. Akasimama.

"Ala! Si hapo ninapovua samaki mimi! Na ile mvua inakuja!" Akaanza kuvuta watu mikono. "Simama hapa, bwana. Si hapo, hapa!" Kisha akakumbuka kazi. "Shemeji, hujatia jina. Niandike Vauquelin?"

"Akina Vauquelin wamejaa kijiji kizima."

Akageuza brashi, na kwa mpini wake akachora katika rangi mbichi: LÉONIE, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Umeharibu mto!"

"Ni wangu. Tundika."

Akatundika.