Betri za Fundi Sikio

Gereji nzima ilimwita Fundi Sikio, na jina hilo hakupewa kwa masihara. Enzi zake, ukimletea gari linalogoma, hakukurupuka kufungua kila nati. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. "Beringi ya tatu," alisema. Ukifungua, ni beringi ya tatu kweli. Watu walitoka mbali kuja kulishuhudia sikio hilo, naye, tusifichane, aliringa nalo kuliko mwenye nyumba ya ghorofa.

Sasa hebu niambie wewe: mtu anayeegemeza sikio kwenye injini inayonguruma tangu ujana mpaka mvi, sikio lake litabaki salama? Thubutu! Lilikufa taratibu. Kwanza wakatoweka ndege wa asubuhi, ikafuata kengele ya mlango, wakafuata wajukuu. Na mtu anayeitwa Sikio atamwambia nani kwamba hasikii? Mwenyewe siku hizi analisimulia gerejini huku akijicheka. "Ningeitwa Fundi Mguu," husema, "ningewahi hospitali mapema."

Akawa mtu wa mbinu. Mteja akieleza, yeye anatikisa kichwa. Wenzake wakicheka, na yeye anacheka, ila anachelewa kidogo kama gari lenye betri mbovu. Siku moja alimcheka mteja mpaka akamshika bega, kumbe maskini anaeleza msiba wa shemeji yake. Hata hapo hakukubali. Alisema watu wa siku hizi hawafungui midomo wanapoongea.

Nyumbani ndiko kulikoharibika zaidi, na ndiko alikokuwa wa mwisho kugundua. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Kazi hiyo ilimwingiza katika nyumba za watu kupima madirisha, na dirisha halipimwi macho yakiwa yamefumbwa. Kila jioni, akikaanga vitunguu, alimsimulia mumewe aliyoyaona: nani amehamisha kitanda sebuleni, nani amenunua pazia zito ghafla na kwa sababu gani. Fundi aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusema "Halafu?" Alikuwa na "Halafu?" tamu kweli, ya mtu anayetaka kujua. Mkewe alisema ndiyo iliyomfanya akubali posa.

Miaka ikapita, "Halafu?" ikawa "Nini?", na "Nini?" ikawa "Eh?" Mke akajaribu kupaza sauti, lakini umbea gani huo wa kupigiwa kelele mpaka mwenye pazia ausikie kwake? Akachoka. Yakabaki maneno ya amri: Kula. Oga. Funga mlango. Na Fundi, bila haya, akajisifu kwa wenzake kwamba mkewe utu uzima umempoza.

Binti yao ndiye aliyemburuta kwa mtaalamu wa masikio, mwanamke kijana mwenye subira ya ajabu. Akampima, akamtengenezea kifaa kidogo cha kukaa nyuma ya sikio, chenye kibomba laini kinachoshuka hadi kwenye kiziba kinachoingia sikioni.

"Mzee wangu," akamwambia, "kiziba utakichomoa na kukiosha peke yake kwa maji na sabuni. Mashine yenyewe isiguswe na maji. Usiku fungua mlango wa betri. Kikipiga filimbi, ujue hakijakaa sawa, au kichwa umekisogeza karibu na kitu. Na betri hizi, bandua stika ya moja tu unapoihitaji, uiache ipumue dakika moja ndipo uiweke. Ukishabandua, hewa imeingia, betri imeanza kuisha hata kama imekaa mezani."

"Mwanangu," akajibu Fundi, "mimi ni fundi."

Wahenga wamesema sikio la kufa halisikii dawa. Huyu dawa aliisikia vizuri, neno kwa neno, tena kwa mashine mpya. Ila alikuwa na kanuni yake ya gereji: spea iliyo kwenye boksi si spea. Kwake kila spea inayoingia inafunguliwa, inafutwa, inapangwa kwenye sinia juu ya kitambaa, maana gari likiharibika huwezi kuanza kupambana na nailoni kwa mikono yenye grisi. Basi alipofika nyumbani alijifungia chumbani, akabandua stika za betri zote, akazifuta moja moja, akazipanga ndani ya kopo, juu ya kitambaa, kwa mstari ulionyooka. Akasimama kuzitazama kwa fahari. Mlango wa betri hakuufungua hata usiku mmoja. Gari likizimwa, alijiuliza, nani anachomoa betri?

Binti aliapishwa asimwambie mama. Fundi aliona ni vyema kwanza ajizoeze, kifaa kikae chini ya kofia, maana kikimshinda atakuwa ameaibika mara mbili. Siku za mwanzo zilikuwa vituko. Alisikia ndara zake zinamfuata, akageuka kumtazama anayemfuata. Alitafuna mkate, akadhani kuna mtu anapasua kuni.

Jioni moja, akipita karibu na jiko, akasikia sauti ya mkewe. Akasimama. Mkewe alikuwa amempa mgongo, mwiko mkononi, anasimulia. Jikoni hamkuwa na mtu mwingine.

"Basi yule wa nyumba ya kona," alikuwa anaziambia sufuria, "ananiambia nishone pazia jeusi. Nikamuuliza, mama, jeusi la nini? Akasema jua. Jua gani, na dirisha linatazama ukuta?"

Fundi akaegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango, kama alivyozoea kwenye injini, akasikiliza. Moyo ulimruka kwa furaha, na hapohapo ukamsuta. Mkewe hakuwa amepoa hata kidogo. Alikuwa amebadilisha wasikilizaji.

Mtu mwenye akili angeingia. Yeye akarudi kesho yake, na keshokutwa, akiegemea palepale, anasikiliza habari za mtaa mzima bila jasho. Alisikia na za kwake. "Hili zee langu," ziliambiwa sufuria, "linaoga kwa kubipu, maji yakiligusa tu linakata." Akaziba mdomo asicheke. Kuingia kungemlazimu akiri miaka yote ya kutikisa kichwa bure, na hilo lilimshinda. Kila jioni alijiambia ataingia kesho.

Huku nyuma betri zikawa zinamtia hasira. Ya kwanza ilidumu, ya pili ikadumu kidogo, ya tatu ikaaga mapema. Alimlaani aliyezitengeneza. Hawa wa viwandani, alisema, hawana uaminifu kabisa.

Ikafika jioni ambayo mkewe hakuanza na mapazia.

"Nimeamua," alisema polepole. "Nahamia kwa dada. Chumba kipo, na cherehani yangu itaenea. Kule mtu akisema jambo, anajibiwa. Siwezi kuzeeka nikiongea na vyombo. Nitaondoka..."

Kimya. Fundi akabonyeza kifaa, akakigonga kwa kidole. Kimya kabisa. Akakimbilia chumbani, akafungua kopo, akaweka betri. Hakuna. Akaweka nyingine. Hakuna. Zote zilikuwa zimelala pale juu ya kitambaa, safi, hazina hata vumbi, na zote zimekufa. Ndipo maneno ya yule mtaalamu yakamrudia, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndiyo, mwanangu, mimi ni fundi. Fundi wa kuua.

Akaketi kitandani. Alimwogopa nani sasa? Aliiwaza nyumba hii bila yule mwanamke. Ataondoka lini? Kesho? Wiki ijayo? Hakuwa na njia ya kujua isipokuwa kuuliza, na kuuliza ni kujianika. Lakini alikuwa na kanuni nyingine ya gereji, na hii ilikuwa ya kweli: injini ukiisikia inagonga, huiruhusu itoke barabarani eti kwa sababu unaona aibu kumwambia mwenye gari. Akavua kofia, akaingia jikoni.

"Mke wangu, usiende!"

Kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alipiga ukelele mpaka jirani akatoka nje kuchungulia. Mkewe akageuka.

"Nimesikia yote," akaendelea kwa sauti ileile ya mnadani. "Pazia jeusi, kuoga kwa kubipu, yote! Nina mashine. Ila siku ya kuondoka sikuisikia, betri zimekufa. Nilizibandua zote. Mimi ni mjinga, mke wangu. Niambie ni lini!"

Mkewe akafuta mikono, akafungua debe la mchele, akachomoa pakiti ya betri yenye stika zake zote. Akamsogelea mpaka kwenye sikio, akapaza sauti: "Bandua moja!"

Akabandua moja. Akataka kuiweka papo hapo, akapigwa kofi mkononi. Wakakaa, betri iko mezani katikati yao, inapumua. Hakuna dakika iliyowahi kuwa ndefu kama ile. Mwishowe mkewe akaitikia kwa kichwa, naye akaiweka.

"Umezitoa wapi?" akauliza Fundi, sasa kwa sauti ya binadamu.

"Kwa binti yako. Unadhani nani alimtuma akupeleke? Nikaona lile kopo lako nikifuta vumbi, nikamwambia alete nyingine. Na hicho kidude kinapiga filimbi, unajua?"

"Mbona mimi sijasikia filimbi?"

"Utaisikia wapi wewe! Kila ukiegemeza kichwa mlangoni, fiiii! Naisikia mimi, anaisikia jirani."

Fundi Sikio akaushika ukingo wa meza. "Kumbe ulikuwa unajua nipo?"

"Hizi sufuria nimeishi nazo miaka mingapi? Lini niliwahi kuzisimulia kwa sauti kubwa vile, kama si wewe usikie?"

"Na kwa dada? Ulikuwa unanitania?"

Mkewe akageuza vitunguu. Alipojibu hakupaza sauti, aliongea chini chini kama zamani, na Fundi alisikia kila neno. "Sikukutania. Mkoba uko chini ya kitanda, umeshafungwa. Nilisema kwa sauti ili nione utaingia, au utabaki pale mlangoni kama mwizi wa kuku. Ungebaki, ningekwenda."

Fundi alikuwa na mengi ya kusema, na mengi yalikuwa ya kujitetea. Akayameza. Kigoda chake cha zamani kilikuwa kimewekewa ndoo. Akaitoa ndoo, akaketi.

Mkewe akageukia jiko. Kisha akasema, kana kwamba anaziambia sufuria, "Basi yule wa pazia jeusi. Leo nimekwenda kulitundika, nikamkuta kijana wake amekaa gizani, anatazama ukuta."

Akangoja.

"Halafu?" akasema Fundi.

Mwiko ukasimama. Mkewe akazima jiko, vitunguu havijaiva hata nusu, akavuta kiti, akaketi mbele yake. Siku hiyo chakula kilichelewa sana.