Kandambili ya Baba na Kiingereza cha Joburg

Enzi zetu, ndugu zangu, televisheni ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na nyumba yetu ya Bellevue, hapa Johannesburg, ilikuwa na familia tano, kila moja na chumba chake. Jumamosi mchana wote walijazana kwetu. Mama, mtu wa Morogoro, alikaanga maandazi. Gogo Thandi, yaani Bibi Thandi, wa chumba cha nyuma alikuja na kiti chake mwenyewe, maana vya kwetu hakuviamini. Sisi watoto tulilala sakafuni, vidole vimejaa mafuta.

Filamu hatukuzitazama, tulizihukumu. Waigizaji wa ng'ambo walipenda sana kuigiza watu wa Joburg, na Kiingereza chao sasa! Mtu anaanza sentensi kama kazaliwa Soweto, anaimaliza kama mchungaji wa London. Hakimu alikuwa Baba. Akisikia lafudhi ya uongo, anavua kandambili na kuinyanyua. Ikipanda tu, mwigizaji kwisha habari yake. Tunazomea mpaka jirani anagonga ukuta.

Nilidhani ni mchezo. Kumbe Baba alikuwa ameishi uhamishoni Tanzania miaka mingi, na aliporudi, wenye maduka mjini walimsikia akizungumza wakamwuliza, "Mzee, wewe umetoka nchi gani?" Mtu aliyezaliwa Orlando, kulekule Soweto! Ile kandambili ndiyo ilikuwa kitambulisho chake.

Basi siku moja akatokea kijana kwenye tamthilia, dereva wa teksi. Hakufikisha maneno kumi, kandambili juu.

"Feki! Joburg hakuna anayeongea hivyo."

Gogo akaacha kutafuna. "Eish, mwanangu. Huyo nimembeba mgongoni. Ni wa Orlando, mtaa wenu wenyewe. Vijana wanaongea hivyo siku hizi."

Tuliangua kicheko. Baba hakucheka. Aliivaa kandambili taratibu, akabaki anatazama miguu yake, nami nikaona aibu kwa kicheko changu.

"Baba Neema," Mama akasema, "mji ndio uliohama. Wewe umerudi palepale. Kula andazi."

Hapo akacheka hata yeye. Ila tangu siku ile kandambili haikupanda kabla hajamtupia Gogo jicho.

Leo kila mtoto ana simu yake, kaziba masikio, anacheka peke yake kama aliyepagawa. Ukimwuliza filamu inahusu nini, anakujibu "Sharp, Mama," na hujui umejibiwa nini. Kuzomea pamoja hawakujui, masikini.

Baba ametutoka sasa. Juzi nilimnyang'anya binti yangu Lerato simu, nikamketisha tutazame filamu. Ndani yake mlikuwa na mzee wa Orlando, na aliyemwigiza ni mwenyeji wa hukohuko, nina hakika. Lerato alisikiliza, akakunja uso. Kisha akainama, akavua kandambili na kuinyanyua juu, kama babu yake alivyomfundisha.

"Feki," akasema. "Mzee wa Joburg haongei hivyo. Babu hakuwa anaongea hivyo."

Sikumsahihisha. Nilivua yangu, nikainyanyua.