Wali wa Grisi

Mpaka leo, nikimsikia mtu anasema kompyuta haikosei, nainuka naondoka. Haikosei, ndiyo. Inafanya ulichoiambia, na kama aliyeiambia ni mjinga mwenye kiherehere, inamfanyia ujinga wake upesi na kwa usafi kabisa. Mjinga mwenyewe nilikuwa mimi.

Nilikuwa mchoraji wa mashine katika karakana moja pale Kyela mjini. Zamani ilikuwa karakana ya umma. Miaka ile ya kubinafsisha kila kitu ikauzwa, tukaamka asubuhi tuna tajiri. Tulitengeneza mashine za kukoboa mpunga, mashine za kukamulia mawese, pampu za maji na matoroli. Tajiri hakujua tofauti ya nati na bolti, lakini neno "kisasa" alilijua vizuri. Alileta kompyuta mbili, akanipeleka Dar es Salaam wiki tatu nikajifunze, nami nikarudi nimevaa tai. Tai, Kyela, mwezi wa Machi, joto na mvua vinashindana! Nikiikumbuka najichukia.

Kompyuta zile zilikuwa na programu mbili, moja ya kuchora na nyingine ya kutunza michoro. Hiyo ya kutunza ndiyo iliyonitia wazimu. Kila kifaa kilikuwa na namba yake, na programu ilijua kila mashine ambamo kifaa hicho kimefungwa. Ukitaka kuondoa kifaa na kuweka kingine, huna haja ya kufungua mchoro mmoja mmoja. Unaita namba ya zamani, unataja namba mpya, nayo inakuletea orodha ya mashine zote zinazohusika, kila moja na kisanduku chake. Ukiweka alama kwenye kisanduku, mchoro wa mashine ile unabadilika. Ukikiacha wazi, unabaki ulivyo. Kazi ya wiki mbili ya penseli na kifutio ilikuwa inakwisha kabla chai haijapoa.

Siku moja tajiri akaja na beringi mkononi, ndogo, inang'aa, imejazwa grisi huko huko ilikotoka. Alikuwa amepata shehena yake kwa bei ya kutupa. Akaibwaga juu ya meza yangu.

"Hizi bushi za mti ni aibu," alisema. "Mtu anunue mashine, akute kipande cha mti ndicho kinachoshika shafti? Ondoa zote."

"Zote, bosi?"

"Zote. Si ndiyo kazi ya programu yako hiyo?"

Bushi zile zilikuwa kazi ya mafundi wetu tangu karakana inaanza. Walichonga mti mgumu, wakauchemsha kwenye mawese kutwa nzima mpaka uyanywe, ndipo wakatoboa tundu la shafti. Kwenye pampu ilikuwa kubana matumizi tu. Kwenye mashine ya kukoboa kulikuwa na sababu nyingine. Shafti inapita juu kidogo ya pale mchele unapotokea, na chochote kinachovuja pale kinaingia kwenye chakula. Yakivuja mawese, nani atalalamika? Sote tumekulia mawese. Lakini hakuna aliyewahi kuiandika sababu hiyo kwenye mchoro, maana nani ahangaike kuandika jambo ambalo kila mtu wa Kyela analijua? Mchoro ulisema "bushi, mti", basi.

Na mimi nilijua. Hapo ndipo panaponitia kinyaa. Orodha ilikuja na mashine saba, na ya kukoboa ilikuwa ya nne. Niliiona. Bado nikabonyeza pale palipoandikwa "chagua zote", kwa sababu tajiri alikuwa amesimama nyuma yangu na nilitaka aone jinsi mambo yanavyokwenda haraka. Zote saba zikabadilika kwa mpigo mmoja. Akanipiga bega, nami nikacheka kama zuzu.

Mashine ya kwanza ya mtindo huo ilinunuliwa na mjane mmoja wa Busale, kijijini kwetu. Aliuza ng'ombe wake wote wanne, akajenga banda kando ya njia, tegemeo lake likiwa mpunga wa majirani. Siku ya kufungua alikoboa wa kwake, akapika masufuria mawili makubwa, akaita watu. Kwetu huwezi kuisifia mashine ya kukoboa kwa maneno. Watu wanaandaliwa wali, wanaonja, wanaamua wenyewe. Mimi na tajiri tulikalishwa mbele. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa kwenye mikeka.

Mchele wa Kyela ukiwa jikoni, nyumba ya tatu wanajua unachopika. Siku ile sufuria ilipofunuliwa ilitoka harufu ya gereji. Grisi ya beringi ilikuwa imepata moto, ikayeyuka, ikachuruzika kwenye mchele muda wote wa kukoboa. Wali ulikuwa wa kijivu. Nilitia tonge mdomoni, likateleza kwenye ulimi, likaacha ladha ya chuma na mafuta machafu, likakataa kushuka. Bibi mmoja alitema kiganjani, akaficha mkono ndani ya khanga kwa adabu. Hakuna aliyelalamika, na afadhali wangelalamika. "Ndaga fijo," walishukuru mmoja mmoja, wakanawa, wakaenda zao, sahani wakaziacha zimejaa.

Mwenye mashine alimfuata tajiri mpaka kwenye gari. "Baba, mchele wangu umeingia nini?"

"Uoshe vizuri kabla ya kupika, mama," alijibu, akapandisha kioo.

Auoshe! Kama vile yule mama kazaliwa jana. Nami nilikuwa ndani ya gari hilo hilo, nimekaa kando yake.

Kesho yake nilimwambia tajiri turudishe bushi za mti. Akaniwekea kidole kwenye kioo cha kompyuta. Programu ile huandika nani kabadilisha nini, na jina lilikuwa langu, peke yake. "Mimi sijui kuchora," alisema. "Mchoraji ni wewe." Nilimwona mchafu kuliko ile grisi. Lakini jina lilikuwa langu kweli.

Kurudisha michoro kulinichukua dakika chache, na wala sikumwomba ruhusa. Kwa mashine ya Busale nilimtafuta fundi mmoja aliyekuwa ameachishwa kazi, akachonga bushi na kuzichemsha, nikazipeleka kwa baiskeli. Niliifungua mashine yote, nikaisugua kwa majivu na maji ya moto, tukakoboa madebe mawili ya kumwaga. La tatu lilitoka jeupe, linanukia. Mama yule alitafuna punje mbichi, akatikisa kichwa kukubali, akakaa mlangoni kungoja wateja. Nikakaa naye.

Wanawake walipita na mpunga kichwani wakielekea mashine ya Bondeni, mjini, mwendo mrefu. Walimsalimu vizuri sana, hawakusimama.

Mchana akatokea mama yangu, na yeye kajitwika. Nikamkingia njia.

"Mama, imepona. Nimeitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu."

Alilitazama banda, akamtazama mwenzake aliyekaa mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Nimesikia, mwanangu," alisema kwa upole. "Ila leo nina wageni."

Akauweka sawa mzigo wake kichwani, akaenda Bondeni.